Saa nne, maji yakipwa

Kabla ya kuvuka mkondo, Bibi alichomeka ufito mrefu mchangani, pale maji yalipomfika kwenye kifundo cha mguu, akaufunga kipande cha kanga kuukuu usawa wa goti la mtoto mdogo kuliko wote. Kisha akawageukia wanafunzi wa darasa la tano waliomfuata tangu shuleni.

"Mnakiona kitambaa? Maji yakikigusa, tunarudi. Hata kama mtu ndiyo kwanza ameona cha kuona, tunarudi."

Ilikuwa Jumanne, siku ya pili tangu mwezi kuandama, saa nne kasorobo asubuhi, katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Bahari ilikuwa imejivuta kuelekea mwamba wa nje, imeacha wazi uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi vinavyometa juani. Upande wa kushoto akina mama walikuwa wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kanga wamezifunga kiunoni. Karibu kila mtoto alikuwa na mama, shangazi au dada pale. Hata hivyo wengi wao, kama alivyoniambia mwalimu wao wa sayansi, hawakuwa wamewahi kuvuka mkondo ule. "Maji yakitoka wao wako darasani," alisema. "Wakitoka darasani, maji yamekwisharudi."

Maneno hayo ya mwalimu ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Msomaji wa pwani aniwie radhi, nieleze kidogo kwa ajili ya wa bara. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hutoka sana na kujaa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na Zanzibar tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa kwake hufika kama mita 4. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, bahari inapokwenda na kurudi pasipo nguvu. Sasa liko jambo ambalo mvuvi na mkulima wa mwani wanalijua tangu utoto, lakini nadhani mpanga ratiba wa shule hajapata kuulizwa: huku kwetu maji ya bamvua ya mchana hupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Ndivyo ilivyo bamvua ya mwezi huu, ndivyo itakavyokuwa ya mwezi ujao, ndivyo ilivyokuwa ya babu zetu. Yaani mara mbili kila mwezi, siku nne tano mfululizo, bahari hufungua darasa lake saa zile zile ambazo watoto wa pwani wameketi katika darasa lingine, wakinakili ubaoni maana ya neno matumbawe.

Bibi hakuanza kwa kufundisha. Alitembea tu, polepole, akichungulia huku na huku, na watoto nyuma yake wakipiga makelele ya furaha. Hakuwakaripia. Aliwaacha wachoke wenyewe na makelele yao. Walipookota kiti cha pweza, yule mnyama wa pembe tano, aliwaambia wamgeuze waone miguu yake midogo, kisha wamrudishe ndani ya maji pale pale walipomtoa, "maana hapo ndipo kwao." Tulipofika kwenye mwamba mmoja wenye tundu, akachuchumaa. Mdomoni mwa tundu palikuwa na magamba matupu ya kaa na ya kombe, yamerundikana kama takataka nje ya nyumba ya mtu.

"Nani anakaa humu?"

"Kaa!" wakajibu watatu wanne kwa pamoja.

"Kaa ndiye aliyeliwa. Aliyemla ni nani?"

Kimya. Kisha mvulana mmoja mwembamba, kwa sauti ya mtu asiye na hakika, akasema: pweza.

Bibi akaokota gamba moja akampa. "Liguse. Likoje?" Lilikuwa linateleza, limeota ukungu wa kijani. Akampa la pili, nalo vile vile. Akawaonyesha vijiwe vilivyovutwa na kupangwa kwenye mlango wa tundu, mpaka pakabaki upenyo wa kuingia vidole viwili. "Chakula cha zamani. Mlango umefungwa. Kwa nini mtu ajifungie ndani na asile?"

Hakuwajibu. Aliwaambia wachuchumae, wanyamaze, wangoje.

Nilitazama saa yangu. Zilipita dakika saba. Watoto zaidi ya thelathini, wa umri wa miaka kumi na kumi na moja, walichuchumaa dakika saba juu ya mwamba wenye ncha bila neno, na nimekaa katika madarasa mengi ambayo mwalimu hawezi kupata dakika moja ya namna hiyo hata kwa kiboko. Halafu jambo likatokea. Kilichokuwa jiwe ndani ya upenyo kikavuta pumzi. Kikavuta tena. Palikuwa na jicho, na jicho lilikuwa likitutazama, pengine tangu mwanzo. Rangi ya mchanga ikageuka hudhurungi, ikaiva ikawa nyekundu, ikarudi. Msichana aliyekuwa karibu nami alinishika mkono bila hata kutazama ni mkono wa nani.

"Ana mayai," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Akishataga hali tena. Anakaa nayo, anayapepea maji safi mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Nimechokoa pweza tangu sijavunja ungo. Wa namna hii simgusi."

Wataalamu wa viumbe vya bahari wanasema hivyo hivyo: pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hujifungia na mayai yake, huacha kula, na hufa yakishaanguliwa. Kitabu na Bibi hawapishani. Ila Bibi aliyasema hayo baada ya mtoto kugusa gamba lenye ukungu na kuona jicho, na ndiyo maana sidhani kama yuko mmoja kati yao atakayeyasahau.

Siku hizi kuna taaluma nzima ya kuongoza elimu ya nje ya darasa. Ina vyuo, ina vyeti, ina vitabu vinene. Naiheshimu. Lakini nilipomtazama mama yule asiyekuwa na cheti hata kimoja, niliona kila kitu ambacho vitabu hivyo vinajaribu kukifundisha. Aliweka mpaka wa usalama kabla ya kwenda popote, na akauweka kwa namna ambayo mtoto anauona kwa macho yake badala ya kuambiwa tu. Alijua kunyamaza. Aliuliza swali akaliacha bila jibu kwa muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningestahimili. Na muda wote ule, nilikuja kutambua baadaye, aliketi mgongo wake ukielekea baharini na uso wake ukielekea ufukweni, kinyume na sisi sote. Maji katika pwani ya namna ile hayamjii mtu kwa mbele. Huingia kwanza kwenye mkondo ulio nyuma yake, kati yake na nchi kavu, naye akiwa bado amesimama pakavu akitazama mawimbi ya mbali. Bibi alikuwa akitazama kitambaa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba ujuzi wa wazee wa kijijini si kitu. Yale yaliyofuata, mashamba ya shule na majembe, kila mtu wa rika langu anayakumbuka, wengine kwa shukrani na wengine kwa malengelenge ya viganja. Ila lile la kwanza, la ujuzi wa wazee, tulilipita haraka mno. Tuliwapeleka watoto shambani chini ya mwalimu aliyesomea chuoni. Hatukumleta mkulima mzee awe mwalimu.

Wala si kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu. Jando lilikuwa elimu ya porini, lenye ukumbi wake, kungwi wake, nyimbo na mafumbo yake. Sitaki kulipamba. Kulikuwa na vipigo, kulikuwa na vitisho, na wako watoto walioingia wasirudi. Lakini wazo kwamba yako mambo ambayo kijana hawezi kuyajua mpaka atolewe nyumbani akalale chini ya miti, akiwa mikononi mwa mtu mzima aliyekabidhiwa kazi hiyo na jamii nzima, hilo ni letu tangu zamani.

Nilipokuwa mwanafunzi, shule yetu ilitupeleka kwenye hifadhi moja ya wanyama. Tulichanga fedha muhula mzima. Tulipakiwa kwenye basi saa kumi za usiku, na ndani ya hifadhi mwalimu aliyetuongoza alisimama mbele na orodha, akataja mnyama, nasi tukaandika: tembo, nyumbu, twiga. Dirisha langu lilikuwa limekwama, halifunguki. Tulipoomba kusimama kidogo tuliambiwa muda hautoshi, bado wanyama sita. Jioni tulisahihishiwa orodha. Nilipata kumi na saba kati ya ishirini, na sikumbuki harufu yoyote ya mahali pale isipokuwa ya dizeli. Nasimulia hili bila kinyongo kwa mwalimu yule, maana naye alifanya alichofanyiwa. Lakini nilirudi nyumbani nikiamini kuwa hifadhi ni mahali pa kuhesabu vitu kupitia kioo, na ilinichukua miaka mingi kuondokana na imani hiyo.

Wazungu nao waliifikia elimu ya nje ya darasa kwa njia zao, na mojawapo ya njia hizo ilipitia baharini. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto katika Atlantiki, mwenye meli mmoja wa Uingereza, Lawrence Holt, alikuwa na jambo likimkosesha usingizi. Inasimuliwa kwamba meli zake zilipozamishwa, mabaharia vijana wenye miili ya chuma walikuwa wakifa ndani ya mashua za kuokolea, huku wazee wenye mvi wakinusurika. Aliamini kuwa vijana hawakupungukiwa nguvu. Walichopungukiwa ni kuizoea bahari na kujiamini ndani yake. Alishirikiana na Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, wakafungua shule huko Aberdovey, pwani ya Wales, wakaiita Outward Bound, kwa msemo wa mabaharia wa meli inayotoka bandarini kwenda safari ya mbali. Katika miaka ya 1950 mbegu hiyo ilipandwa Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima Kilimanjaro, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wamepita pale. Mwaka huo huo wa 1941 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifariki Nyeri. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo skauti huisoma kama "nimekwenda nyumbani." Kusoma alama kulikuwa mojawapo ya misingi ya mafunzo yake, na nilimkumbuka pale Bibi alipompa yule mvulana gamba la kaa.

Nina jambo moja nisilokubaliana nalo katika mapokeo hayo, na nalisema kwa heshima. Ndani yake mlima na bahari mara nyingi huwa mtihani: kijana anapelekwa akapimwe, akishinda anarudi mtu mwingine. Yako mema mengi humo. Lakini mtoto aliyefundishwa kuushinda mlima amefundishwa pia kwamba mlima ni wa kushindwa. Kwenye mwamba ule wa Unguja hapakuwa na ushindani wowote. Palikuwa na mwenyeji aliyejifungia na mayai yake, na wageni waliotakiwa kuwa na adabu mlangoni pake.

Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 26, kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo, kukaa na kungoja huku sokwe wakimkimbia wiki baada ya wiki. Mwaka 1991 kikundi cha wanafunzi wa sekondari kilimfuata nyumbani kwake Dar es Salaam wakiwa na maswali juu ya mambo waliyoyaona yakiharibika katika mazingira yao, na hapo ndipo mpango wa vijana wa Roots & Shoots ulipozaliwa, ambao sasa uko katika nchi nyingi duniani. Kenya ilikuwa imetangulia: vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi vilianza 1968, na Tanzania ikafuata na Malihai mwaka 1980. Vilabu hivi vimewalea wahifadhi wetu wengi. Ila klabu ni ya anayependa, na hukutana baada ya masomo. Mimi nazungumzia asiyejua bado kama anapenda.

Nirudi kwenye maji, maana hapo ndipo penye uzito.

Mzazi wa Zanzibar anayekataa mtoto wake asipelekwe baharini si mjinga. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012, mwaka mmoja haujatimia, Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam, karibu na kisiwa cha Chumbe. Ziko nyumba Unguja na Pemba ambazo hadi leo zina kitanda kisicholaliwa. Watu wazima wa visiwani, waliozaliwa wakisikia mawimbi, walizama kwa sababu hawakujua hata kuelea. Wanawake hasa, kwa kuwa msichana wa kwetu hufundishwa kuipikia samaki familia, kufunga mwani, hata kuchokoa pweza, lakini kuogelea ni mambo ya wavulana. Mwalimu aliyetualika siku ile ana umri wa miaka 34, amezaliwa hatua mia tatu kutoka ufukweni, na hajui kuogelea. Aliniambia huku akizipanga fomu za ruhusa za wazazi, moja moja, kwenye bahasha ya plastiki. Alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba kuziomba.

Huko Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima ili wazazi waridhike, na waliohitimu wanawafundisha wengine. Picha alizozipiga mpigapicha Anna Boyiazis mwaka 2016 zilishinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Katika moja, msichana ameelea chali, mwenzake amemshika. Naitazama mara kwa mara. Yule anayeshika naye ni kiongozi wa elimu ya nje, ingawa hakuna atakayempa jina hilo.

Na Chumbe yenyewe ndiyo mfano mkubwa tulionao. Kisiwa hiki kiko kilomita 12 hivi kusini-magharibi mwa Mji Mkongwe, hekta zisizofika 25 za msitu uliosimama juu ya mwamba wa kale, na mnara wa taa uliojengwa 1904. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, alianza kuhangaika kukifanya kuwa mahali pa hifadhi na mafunzo. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa upande wake wa magharibi kuwa hifadhi, hakuna kuvua wala kutia nanga. Mabanda saba ya wageni, yanayotumia umeme wa jua na maji ya mvua yanayokingwa mapaani, ndiyo yanayoleta fedha, na fedha hizo hulipia ulinzi na safari za wanafunzi wa Zanzibar, ambao huenda bila malipo. Msituni kwake wapo paa nunga, paa wadogo walio hatarini kutoweka.

Lakini kinachonigusa zaidi ni askari wa hifadhi ile. Waliajiriwa kutoka vijiji jirani, na walikuwa wavuvi. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingiza ngalawa yake kwenye eneo lililokatazwa, askari humwendea na kuzungumza naye, mvuvi kwa mvuvi, kwa nini samaki wakiachwa wazaliane hapa watafika hadi kwenye mtego wako kule. Watu hao hao ndio waliofunzwa kuwaongoza wageni na wanafunzi ndani ya maji. Hapo ndipo ninapoona lile ambalo Mwalimu Nyerere alilitaka mwaka 1967 limetendeka: ujuzi wa mvuvi umekalishwa kwenye kiti cha mwalimu, ukaongezewa sayansi bila kudharauliwa.

Fikiria anachokutana nacho mtoto wa Mji Mkongwe akitumbukiza uso wake majini pale kwa mara ya kwanza. Nyumba anayolala imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuta zake ilichomwa kutokana na matumbawe. Kwake hayo ni mawe tu. Sasa anaambiwa kwamba bonge lile lililo mbele yake ni wanyama, maelfu kwa maelfu, kila mmoja na kinywa chake, na kwamba usiku hunyosha mikono midogo wakala. Anaambiwa mabonge ya namna ile hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Lililomfika mtu mzima kifuani huenda lilikuwa limekwishaanza kabla ya mnara ule kujengwa. Anaambiwa pia kwamba mwaka 1998, na tena 2016, bahari ilipata joto kupita kiasi, wanyama wale wakaufukuza mwani mdogo sana unaoishi ndani yao na kuwalisha, na sehemu kubwa za miamba ya Bahari ya Hindi zikageuka nyeupe kama mifupa. Mtoto huyo hahitaji mtu wa kumhubiria kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ameshamwona mgonjwa.

Chumbe ni kisiwa kimoja, kina nafasi chache, na wanafunzi wa Zanzibar ni wengi. Haiwezekani kila mtoto apelekwe huko, wala hakuna haja. Pwani nyingi zina mwamba nyuma ya shule. Jozani kuna msitu wa kima punju, na karibu yake njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimeanza kufunga sehemu za miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue, na siku ya kufungua kijiji kizima huwa pwani, watoto wakiwa shuleni. Kinachokosekana ni mambo madogo ambayo hayangoji wafadhili. Ratiba ya wilaya za pwani ingeweza kuuachia uwazi mwezi, kipindi cha sayansi kihamie siku za bamvua. Mtu kama Bibi angeweza kulipwa posho kama anavyolipwa mgeni anayekuja kutoa semina hotelini. Angeweza kupewa mafunzo ya siku chache ya huduma ya kwanza na uokoaji, na maboya ya kuvaa kwa watoto. Kwa kweli yeye ndiye angepaswa kuwafundisha walimu jinsi maji yanavyoingia kwa nyuma. Yuko hai leo. Amefika umri ambao magoti yanalalamika akichuchumaa, na binti zake wawili wanafanya kazi mjini, hotelini, wala hawajui tundu lenye mayai linafananaje.

Tulikaa mwambani mpaka saa tano na nusu. Bibi hakupiga filimbi wala hakuita. Alisimama tu, akakung'uta kanga yake, na mvulana yule mwembamba ndiye aliyepaza sauti: "Kitambaa!" Maji yalikuwa bado yako chini yake kiasi cha vidole vinne. Tukavuka, wakubwa wakiwashika wadogo mkono, mwalimu akiwahesabu mmoja mmoja kwa kuwagusa kichwani, midomo ikimcheza. Alipomaliza akahesabu tena kuanzia mwanzo.

Ng'ambo ya pili, watoto wakiwa wanamimina mchanga viatuni, mwalimu alimsogelea Bibi.

"Bibi, bamvua nyingine lini?"

"Mwezi kumi na sita." Bibi alihesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vyake. "Jumanne tena. Wiki mbili."

"Saa ngapi yatakuwa yametoka?"

"Kama leo. Saa nne mtakuwa mnavuka."

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa ratiba ya darasa iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya paja lake. Jumanne, saa nne, palikuwa pameandikwa Hisabati. Aliitazama kwa muda. Kisha akamwomba mvulana mwembamba kalamu.